Ndege Zisizo na Ardhi: Uhakiki wa Michoro ya Penseli ya Ndege za Kivita za Kale katika Matandiko ya Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina moja ya matandiko ya nyumbani yanayouzwa Uingereza na katika nchi nyingine za Magharibi: mashuka, foronya na mifuko ya duveti iliyochapwa michoro ya penseli ya ndege za kivita za kale. Kwa kutumia mkabala wa semiotiki pamoja na maarifa ya usomaji wa kanga katika upwa wa Afrika Mashariki, makala yanaonyesha kwamba mchoro wa penseli huhifadhi umbo la chombo na kuondoa tendo lake. Ndege huonekana ikiwa haina ardhi chini yake, haina mabomu wala watu. Uchambuzi unalinganisha matandiko hayo na vitambaa vya Jouy vya Ufaransa, kimono za Japani za kabla ya 1945 na mazulia ya vita ya Afghanistan. Kisha unairejesha ardhi iliyoachwa kwa kurejelea historia ya ndege za aina hiyo Somalia, Kenya, Kongo na Burma. Makala yanahitimisha kwa kueleza umuhimu wa suala hili kwa watunga sera wa nguo, mitaala na makumbusho katika kanda.

Maneno makuu: matandiko, mchoro wa penseli, ndege za kivita, semiotiki ya nguo, kumbukumbu

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nguo katika Kiswahili umejikita zaidi katika kanga, na kwa sababu njema. Kanga ina jina, na jina humpa mhakiki wa lugha mahali pa kuanzia. Matokeo yake ni kwamba nguo zisizo na maneno zimeachiwa wanauchumi, ambao huzihesabu kwa kilo na kwa ushuru. Shuka ni mojawapo ya nguo hizo. Hulaliwa kila usiku na kufuliwa kila juma, na ni nadra mtu kuuliza linasema nini.

Matandiko yanayojadiliwa hapa hutambulika kwa urahisi. Juu ya kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa hupangwa ndege za kivita za nusu ya kwanza ya karne ya 20, zikiwa zimechorwa kwa mistari ya kijivu inayoiga penseli. Ndege zinazopendwa ni zile zilizogeuka alama za taifa la Uingereza, hasa Spitfire, Hurricane na Lancaster. Wakati mwingine jina la ndege huandikwa kando ya bawa kwa herufi za mkono, kana kwamba ni ukurasa uliotolewa katika daftari la mhandisi. Wanunuzi wake ni wazazi wa watoto wa kiume, wapenzi wa historia ya anga, na watu wazima wanaotaka chumba kiwe na ladha ya zamani.

Swali linaloongoza makala haya ni moja: chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuua kinapowekwa kitandani, mahali pa usingizi, ni nini kinachofanyika ili kiweze kukaa hapo bila kumshtua mlalaji? Jibu linalotetewa ni kwamba kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na penseli, yaani na mtindo wa mchoro wenyewe.

2.0 Mkabala wa Usomaji

Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, alieleza kuwa visasili vya jamii ya kisasa havikanushi historia. Huitaja, lakini huitaja kwa namna inayoifanya ionekane kuwa jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Mfano wake mashuhuri ulikuwa picha ya jaladani ya gazeti la Kifaransa, iliyomwonyesha kijana mweusi mwenye sare ya kijeshi akipiga saluti. Picha haikuficha kwamba kijana huyo ni askari wa dola ya kikoloni. Ilichokiondoa ni swali la jinsi alivyofika hapo.

Mkabala huo unafaa, lakini hautoshi peke yake, kwa kuwa nguo si picha ya gazeti. Nguo hugusa mwili na hudumu miaka. Hapa ndipo usomaji wa kanga unapoongeza jambo. Kanga husomwa kwa kuzingatia sehemu zake tatu, yaani pindo, mji na jina, na pia kwa kuzingatia nani ameivaa, mbele ya nani na wakati gani. Maana ya kanga hukamilika katika matumizi. Kwa kipimo hicho, shuka nalo lina pindo na mji, na lina mahali pake pa matumizi ambapo ni chumba cha kulala. Linachokosa ni jina. Mvaaji wa kanga anaweza kuulizwa kwa nini amechagua maneno yale. Mlalaji wa shuka haulizwi kitu.

Lugha yenyewe ya Kiswahili inatoa msaada mwingine. Neno ndege hutaja kiumbe chenye mabawa, hutaja chombo cha angani, na katika matumizi ya kale hutaja pia ishara ya jambo lijalo. Msafiri aliyekutana na ndege mbaya alirudi nyumbani. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, ndege iliyochorwa si umbo tupu, bali inabeba swali la kheri au shari. Matandiko haya yamefaulu kuchukua maana mbili za mwanzo na kuiacha ya tatu.

3.0 Kazi ya Penseli

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba hakuna penseli iliyogusa kitambaa. Mchoro huhamishiwa kwenye nguo kwa mashine ya kuchapa, kisha hurudiwa mara nyingi ili kujaza upana wote. Mistari iliyofifia, kivuli cha mchalazo na alama za vipimo ambazo hazijafutwa ni viashiria vya penseli, si penseli yenyewe. Mbunifu angeweza kutumia picha za kamera au rangi za mafuta. Kuchagua penseli ni kuchagua maana.

Penseli huashiria mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, huashiria utoto na shule: ndiyo kalamu ya mwanafunzi anayeanza, ambaye kosa lake linafutika. Pili, huashiria meza ya mhandisi, mahali ambapo ndege ilikuwa bado wazo. Spitfire ni mfano unaofaa. Ilibuniwa na R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, ikaruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na Mitchell akafariki mwaka 1937 kabla ya kuiona vitani. Bawa lake la duaradufu ni miongoni mwa maumbo yanayosifiwa zaidi katika uhandisi wa karne ya 20, na mchoro wa penseli huliheshimu bawa hilo kuliko picha yoyote ya kamera. Mtazamaji hualikwa kumwona Mitchell akifikiri. Haalikwi kuona bunduki nane zilizopangwa ndani ya bawa hilohilo katika matoleo ya mwanzo, ingawa nafasi ya bunduki hizo ni miongoni mwa matakwa ambayo ubunifu wa bawa ulilazimika kuyatimiza.

Kwa hiyo penseli huirudisha ndege nyuma, kabla ya historia yake. Ndege iliyopigwa picha mwaka 1940 ina matope, tundu za risasi na rubani aliyechoka. Ndege ya penseli haijawahi kuruka. Haina tarehe, na kwa kuwa haina tarehe haina lawama. Huu ndio ustadi wa michoro hii, na ni haki kuutambua: mingi imechorwa vizuri, kwa kujua mishono ya mabati na mpangilio wa rafadha. Udhaifu wake umo ndani ya ustadi huohuo. Kadiri mchoro unavyoijua mashine ndivyo unavyozidi kunyamazia kazi ya mashine.

Kipengele cha pili ni weupe wa kitambaa. Katika mchoro wa kawaida, weupe nyuma ya ndege ungesomwa kuwa anga. Katika shuka, weupe huo hauna juu wala chini, kwa sababu ndege zimeelekezwa pande zote ili kitambaa kiweze kukatwa na kutandikwa vyovyote. Hakuna upeo wa macho, shamba, mji wala mto. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa, nayo ni kupunguza upotevu wa kitambaa. Hata hivyo, matokeo yake kimaana ni makubwa: ndege ya kivita, ambayo kuwepo kwake kote kunategemea kilicho chini yake, hubaki bila chini.

4.0 Nguo Zilizotangulia

Inaweza kudhaniwa kuwa nguo ya mapambo haina uwezo wa kubeba ardhi. Historia ya nguo inakanusha dhana hiyo.

Mfano wa kwanza unatoka Ufaransa. Kiwanda cha Oberkampf kilichoanzishwa Jouy-en-Josas mwaka 1760 kilijulikana kwa vitambaa vyeupe vyenye michoro ya rangi moja, ambavyo vilitumika kwa mapazia na vitanda. Ni mababu wa moja kwa moja wa matandiko yanayojadiliwa. Mnamo Agosti 1783, puto la haidrojeni la Jacques Charles lilirushwa Paris bila abiria, likaanguka kijijini Gonesse, na wanakijiji walioogopa wakalishambulia. Mchoraji Jean-Baptiste Huet alilifanya tukio hilo kuwa mchoro wa kitambaa cha Jouy. Katika kitambaa hicho chombo cha angani kinaonekana pamoja na watu wa ardhini waliokipokea kwa hofu. Yawezekana mchoraji aliwacheka wanakijiji, lakini hakuwafuta.

Mfano wa pili ni wa Japani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1945, kimono nyingi, zikiwemo za watoto wachanga wa kiume waliopelekwa hekaluni kwa mara ya kwanza, zilipambwa kwa ndege, meli za kivita na askari. Mwaka 2005 kituo cha Bard Graduate Center jijini New York kilizionyesha nguo hizo pamoja na nguo za Uingereza na Marekani za wakati uleule wa vita, na kuzichukulia kama propaganda ya kuvaliwa. Kimono hizo ziliungana na vita waziwazi. Mzazi aliyemvika mwanawe ndege alijua anamtakia nini, na mhakiki wa leo anaweza kumlaumu kwa uwazi huohuo.

Mfano wa tatu ni mazulia ya Afghanistan. Baada ya uvamizi wa Kisovieti wa mwaka 1979, wafumaji waliingiza helikopta, vifaru na bunduki mahali pa maua na miti. Hapa mwenye kuchora ndiye aliye chini ya ndege. Ingawa soko la watalii na wakusanyaji lilichochea ufumaji huo baadaye, mtazamo ni wa ardhini kwenda juu.

Mifano hii inatoa kipimo. Kitambaa cha Jouy kina ndege na watu. Kimono ina ndege na nia. Zulia lina ndege na shahidi. Shuka la penseli lina ndege peke yake.

5.0 Ardhi Iliyoachwa

Kwa wasomaji wa kanda hii, ardhi iliyoachwa si ya kufikirika. Ndege za familia hiyo zilifika huku, na kumbukumbu zake zimo katika maandishi ya historia.

Mnamo Januari 1920, Uingereza ilitumia ndege 12 za aina ya DH.9, zilizobuniwa kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kushambulia ngome za Sayyid Muhammad Abdille Hassan katika Somalia ya Kiingereza. Vita vilivyokuwa vimedumu takriban miaka 20 vilimalizika katika majuma machache, na watawala wakajifunza kuwa anga ni njia nafuu ya kutawala ardhi. Ndege za zama hizo, zenye mabawa mawili na nyaya, ndizo zinazoonekana za upole zaidi zikichorwa kwa penseli.

Mfano wa Kenya uko karibu zaidi na matandiko yenyewe. Lancaster iliruka mara ya kwanza Januari 1941 na zikatengenezwa 7,377. Mbunifu wake, Roy Chadwick, alibuni kutokana nayo ndege kubwa zaidi iliyoitwa Lincoln. Kati ya 1953 na 1955, ndege za Lincoln ziliangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Pamoja nazo zilitumika Harvard, ndege za mafunzo zenye asili ya Marekani ambazo zilifungwa mabomu madogo. Mtu akichora Lancaster na Lincoln kwa penseli bila kuandika majina, mtazamaji wa kawaida atapata shida kuzitenganisha. Jina moja huitwa shujaa. La pili halichapwi.

Kongo nayo imo. Ndege ya B-29 iitwayo Enola Gay iliangusha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya watu wengi. Mchoro wa B-29 usiotaja Hiroshima umeacha nusu ya habari. Na wengi wanaoitaja Hiroshima bado huiacha Shinkolobwe.

Haki inadai pia kutajwa kwa ndege njema. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa mvua za masika. Barabara zilipogeuka matope, vyakula na risasi viliangushwa kutoka angani, na ndege ya Dakota ikawa ghala la askari hao. Vilevile, makoloni yalichanga fedha za kununulia ndege katika mfuko uliokadiria bei ya Spitfire moja kuwa pauni 5,000, na baadhi ya vikosi vya anga vilipewa majina ya makoloni, kama namba 249 (Gold Coast) na namba 44 (Rhodesia). Kwa hiyo ndege iliyochorwa ilikuwa ya watu wengi kuliko inavyodhaniwa: waliyoilipia, waliyoisubiri na waliyoikimbia. Hakuna hata mmoja wao aliyebaki katika weupe wa shuka.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba haya ni mapambo tu. Pingamizi hili linajijibu lenyewe, kwani kama picha haina maana, mnunuzi asingelipa ili apate Spitfire badala ya mistari mitupu. Thamani ya bidhaa imo katika maana yake.

Pingamizi la pili lina uzito. Kwa familia nyingi za Uingereza, ndege hizo ni kumbukumbu ya wafu. Kamandi ya Mabomu ya Jeshi la Anga la Uingereza ilipoteza watu 55,573 kati ya takriban 125,000 waliohudumu angani, wengi wao vijana. Mjukuu anayelala chini ya Lancaster anaweza kuwa anamkumbuka babu ambaye hakurudi. Uhakiki huu haumnyang'anyi haki hiyo. Unachosema ni kwamba shuka halimsaidii vya kutosha. Rubani naye amefutwa pamoja na mji ulioshambuliwa. Vyumba vya ndege katika michoro hii aghalabu huwa vitupu. Dresden ya Februari 1945, ambako tume ya wanahistoria ilikadiria vifo visivyozidi 25,000, imeondolewa kwa mkono uleule uliomwondoa kijana aliyekufa angani. Kumbukumbu isiyo na mtu yeyote ndani yake ni kumbukumbu ya mtambo.

Pingamizi la tatu ni la mtoto: je, anapaswa kulala na Dresden? La hasha. Hakuna anayependekeza maiti zichorwe kwenye foronya. Lakini kati ya maiti na utupu zipo hatua nyingi: uwanja wa ndege wenye mafundi, shamba lenye wakulima wanaotazama juu, mwanamke kiwandani, jina la mahali. Huet aliweza.

7.0 Umuhimu kwa Sera

Suala hili linaigusa kanda kwa njia tatu.

Kwanza ni biashara. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa mavazi ya Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Mjadala wote ulikuwa wa uzito na ajira. Kundi la forodha la mitumba hujumuisha pia mashuka na blanketi zilizotumika, na bidhaa hizo huuzwa Gikomba jijini Nairobi na Owino jijini Kampala. Shuka lenye Lancaster linaweza kufika Nyeri, chini ya misitu iliyoangushiwa mabomu na Lincoln, likauzwa kwa ubora wa pamba yake. Kulizuia mpakani kungekuwa upuuzi. Hata hivyo, sera inayotaka viwanda vya ndani vichukue nafasi ya mitumba inapaswa kujiuliza viwanda hivyo vitachapa nini. Uzoefu wa kanga unaonyesha kuwa wanunuzi wa kanda hii hawanunui pamba pekee. Wananunua usemi pia. Msaada kwa wabunifu wa michoro unastahili kuwa sehemu ya mipango ya viwanda vya nguo sawa na umeme na mashine.

Pili ni elimu. Mitaala ya Kiswahili hufundisha uhakiki wa ushairi, riwaya na tamthilia, na kwa kiasi fulani maneno ya kanga. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza nani anasema na nani amenyamazishwa katika riwaya. Swali hilohilo linaweza kuulizwa juu ya shuka, daftari au mkoba wa shule. Zoezi la kuorodhesha kilichoachwa katika picha halihitaji kifaa chochote cha gharama.

Tatu ni makumbusho na hifadhi. Historia ya anga ya kanda hii, kuanzia Somalia hadi Shinkolobwe, imetawanyika katika hifadhi za nchi nyingi, na sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha za watawala. Kuikusanya kwa Kiswahili, pamoja na masimulizi ya wazee waliozisikia ndege hizo kutoka msituni na ya jamaa wa waliopigana Burma, ni kazi inayoweza kugawanywa miongoni mwa taasisi za nchi jirani.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa mchoro wa penseli wa ndege ya kivita katika matandiko hufanya kazi tatu: huirudisha ndege kwenye meza ya mhandisi, huiondolea tarehe, na huitenga na ardhi. Kazi hizo hufanywa kwa ustadi, na ndiyo sababu hazionekani. Ulinganisho na nguo za Ufaransa, Japani na Afghanistan umebainisha kuwa ukimya huo si sharti la nguo, bali ni uamuzi wa ubunifu na wa soko. Historia ya Somalia, Kenya, Kongo na Burma imebainisha kuwa ardhi iliyoachwa ina wenyewe, na baadhi yao ni wasemaji wa Kiswahili.

Uhakiki wa nguo zisizo na maneno bado ni mchanga katika taaluma za Kiswahili. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi wanunuzi wa kanda wanavyozisoma picha za kigeni zilizo katika nguo za nyumbani, na kuhusu wabunifu wa hapa wanaochora historia zao wenyewe juu ya pamba. Hadi hapo, itafaa shuka liulizwe lile ambalo kanga imezoea kuulizwa: limetandikwa na nani, na linamwambia nani nini?